Manga na anime: zimetoka kwenye sanaa ya kale ya Japani, au ni mkono wa Disney?

Kipaji_Tanga

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Nasoma kidato cha tano hapa Tanga, na nachora vibonzo kwa mtindo wa manga, yaani vibonzo vya Kijapani, tangu nikiwa darasa la saba. Sasa niko kwenye daftari la kumi na moja. Klabu yetu ya sanaa imenipa dakika arobaini mwezi ujao nizungumze mbele ya shule, na nimechagua kueleza manga na anime, yaani katuni za filamu za Kijapani, zilianzia wapi.

Nimekwama, kwa sababu kila ninapogeuka nakuta majibu mawili yasiyoelewana. Upande mmoja wanasema yote yalianza karne ya 12 na gombo la vyura na sungura wanaopigana mieleka, yakaja kwa Hokusai, mchoraji wa picha za kuchapwa kwa mbao, yakafika kwa Tezuka, mchora manga na anime wa karne ya 20, moja kwa moja kama uzi. Upande wa pili wanasema hizo ni hadithi za kujipamba, Wajapani walijifunza vibonzo kwa Waingereza na Wamarekani, na yale macho makubwa ni ya Disney. Mwalimu mmoja aliyefungua daftari langu aliniambia ninachora nakala ya nakala. Neno hilo limenikaa.

Ninachotaka kujua ni hiki: ndani ya manga kuna kitu ambacho kweli kimetoka kwenye sanaa ya zamani ya Japani, ambacho naweza kukiweka mbele ya wenzangu wakakiona kwa macho yao? Sitaki kusimama pale niseme "inasemekana". Na Hokusai ndiye aliyebuni manga, kama inavyoandikwa kila mahali?

Msomaji_Nrb

Kipaji, hongera kwa daftari kumi na moja. Mimi nitakaa upande wa mwalimu wako, ingawa neno lake lilikuwa kali.

Hilo gombo la vyura lilikuwa mali ya hekalu kwa karne nyingi. Mtoto wa mjini hakulijua. Ukoo ulionyooka kutoka kwa vyura hadi vibonzo vya magazeti uliandikwa baadaye sana. Mwaka 1924 Hosokibara Seiki, naye mchora vibonzo, alitoa historia ya manga ya Japani iliyoanza na magombo ya kale. Wachoraji wa magazeti walikuwa wakitafuta heshima wakati ule, na babu wa kale humpa mtu heshima.

Sasa angalia yale yanayojulikana bila ubishi. Mwaka 1862 Mwingereza Charles Wirgman alianzisha katika bandari ya Yokohama jarida la vibonzo lililoitwa The Japan Punch, na kwa miaka mingi Wajapani wakaviita vibonzo vya aina ile ponchi-e, yaani picha za Punch. Kitazawa Rakuten alijifunza kazi katika gazeti la Kiingereza hapo hapo Yokohama, na mwaka 1905 akaanzisha jarida lake, Tokyo Puck, jina likiwa limechukuliwa kwa jarida la Puck la Marekani. Vibonzo vya fremu zenye viputo vya maneno vilishika hasa miaka ya 1920, wakati vibonzo vya Marekani vikitafsiriwa katika magazeti ya Japani. Tezuka Osamu, aliyezaliwa 1928, alilelewa katika nyumba yenye projekta; baba yake aliwaonesha watoto filamu za Disney na za Chaplin. Macho ya wahusika wake yana wazazi wanaojulikana.

Kwa hiyo waambie wenzako ukweli huo. Manga ya leo ina umri wa miaka mia moja na ushee, na imezaliwa bandarini.

FundiNakshi

Kipaji, mdogo wangu, salaam. Na wewe Msomaji, salaam pia.

Mimi ni mchonga milango, Mji Mkongwe, Unguja. Huu ni mwaka wa ishirini na sita niko na patasi. Mwaka 2014 nilibahatika kukaa Kyoto miezi mitano kwa mafunzo ya uchongaji, na karakana niliyopangiwa ilikuwa ya vibao vya chapa, vile vya kuchapia picha za mtindo wa Hokusai. Ndiyo maana swali hili siwezi kulipita. Nitaandika refu, mnivumilie.

Nianze na vyura. Magombo ni manne, ya karne ya 12 na ya 13, mali ya hekalu la Kozan-ji lililoko milimani, nje kidogo ya mji wa Kyoto. Yenyewe yanatunzwa katika makumbusho ya taifa ya Tokyo na Kyoto. Hekaluni unaoneshwa nakala. Nilipanda basi Jumapili moja nikaenda, nikanunua nakala ndogo ya karatasi, na iko hapa mezani kwangu, kando ya randa, ninapoandika.

Wanaobishana juu ya gombo hili wengi wameona kipande chake kimoja tu mtandaoni, chura na sungura. Gombo halitazamwi hivyo. Unaliweka mbele yako, mkono wa kushoto unafungua, wa kulia unakunja yaliyopita, na wakati wowote unaona upana wa mabega yako, basi. Linakwenda kulia kuelekea kushoto, kama wazee wetu walivyosoma tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Gombo la kwanza lina zaidi ya mita 11. Halina neno hata moja, wala rangi. Ni wino mweusi na brashi. Unafungua unakuta nyani na sungura wanaoga mtoni. Unaendelea, sungura na vyura wanashindana kulenga shabaha kwa mishale. Mbele kuna nyani anakimbia, na sungura yuko nyuma yake na fimbo. Halafu mieleka: chura amemkamata sungura na anamng'ata sikio. Fungua kiganja kimoja zaidi, sungura yuko chali, miguu juu, na chura amesimama kinywa wazi, mistari inamtoka kinywani. Mwisho mwisho kuna nyani aliyevaa kama kasisi anasoma dua mbele ya chura aliyekaa kama Buddha, jani la mgomba nyuma yake, na sauti ya yule nyani nayo imechorwa kwa mistari.

Mara ya kwanza nilipofungua kutoka sikio hadi miguu juu nilihisi mkono wangu ndio uliomwangusha sungura. Hilo huwezi kulipata kwenye picha iliyokatwa.

Kuna gombo jingine la karne hiyo hiyo, la hekalu la mlima Shigi. Tajiri mmoja alichoka kujaza mchele kwenye bakuli la mtawa lililokuwa likiruka lenyewe kuja kuomba, akalifungia ghalani. Bakuli likatoka, likalibeba ghala zima angani, na watu wanakimbia nyuma yake mikono juu, mdomo wazi, mmoja amepanda farasi. Katika sehemu nyingine ya gombo hilo, bibi mtawa anayemtafuta ndugu yake analala usiku mbele ya Buddha mkubwa wa Nara. Mchoraji amemchora bibi yule yule mara kadhaa ndani ya ukumbi mmoja: anaomba, analala, anaondoka. Ukumbi haubadiliki, mtu ndiye anayesogea. Mchora katuni yeyote wa televisheni anaijua kazi hiyo.

Takahata Isao, mmoja wa waanzilishi wa Ghibli, studio ya anime, aliandika kitabu kizima mwaka 1999 kuonesha kwamba magombo ya karne ya 12 yanafanya kazi kama filamu. Ninamwamini kuliko wengi kwa sababu alikuwa mtu wa kazi yenyewe, anaeleza jicho linakwenda wapi na linasubiri wapi.

Lakini Msomaji ana haki katika jambo moja, na nisingependa ulifiche siku hiyo. Kati ya vyura na Tezuka kuna miaka mia nane. Kufanana si ukoo. Ukitaka kusema ukoo, onesha mkono uliompa mkono.

Mikono hiyo mimi niliiona karakanani.

Miaka ya 1700 mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ulikuwa na biashara kubwa ya picha za kuchapwa kwa mbao. Picha moja ilikuwa na watu wanne nyuma yake: mchapishaji mwenye mtaji, mchoraji, mchongaji na mpiga chapa. Mchoraji anachora kwa brashi kwenye karatasi nyembamba. Karatasi inabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa mlimani, inasuguliwa kwa kidole mpaka mistari ionekane kwa nyuma, na mchongaji anachonga akipitia karatasi ile ile. Mchoro wa asili unaishia hapo, haupatikani tena. Na mstari wenyewe haukatwi: unakata pande zake mbili, unauacha umesimama. Nywele za paji la uso ziliniharibia vibao vitatu kabla sijaweza kuacha unywele mmoja mzima.

Mstari wa namna hiyo hauna mahali pa kujificha. Lazima uwe umeamuliwa. Rangi nazo kila moja ina ubao wake, inalala bapa ndani ya mipaka, haina kivuli cha kufifiafifia isipokuwa mpiga chapa aifute kwa mkono. Tangu 1765, wakati Suzuki Harunobu na wenzake walipoanza kuchapa picha za rangi nyingi, macho ya watu wa Edo yalizoea dunia iliyochorwa kwa mstari mweusi na rangi bapa. Fungua ukurasa wowote wa manga, au simamisha anime yoyote, uniambie unaona nini.

Kazi pia iligawanywa. Mchongaji mkuu alichonga vichwa na nywele, vijana wake wakachonga nguo na miti. Leo katika studio ya manga bwana anachora nyuso, wasaidizi wanachora majengo na mvua. Nilipoambiwa hivyo Kyoto nilicheka kwa furaha, maana hata kwetu fundi mkuu hushika ua la katikati ya mlango, na vijana wakashika mnyororo wa pembeni.

Na kilichochapwa hakikuwa picha za ukutani tu. Mwaka 1775 Koikawa Harumachi alitoa kitabu chembamba chenye jalada la njano, picha kila ukurasa, maneno yamejazwa katika nafasi zilizobaki kati ya watu. Kijana anafika Edo na njaa, anasubiri andazi la mtama, anasinzia. Ndoto yake imechorwa ndani ya kiputo kinachomtoka. Kiputo hicho kilikuwa Japani miaka 87 kabla ya jarida la Wirgman. Vitabu vya jalada la njano vikawa biashara kubwa ya watu wazima wa mjini, vikaitania serikali mpaka serikali ikachoka. Mwaka 1791 Santo Kyoden, mwandishi mashuhuri wa vitabu vya namna hiyo, alifungwa pingu siku 50 nyumbani kwake kwa sababu ya maandishi yake, na mchapishaji wake, Tsutaya Juzaburo, akanyang'anywa nusu ya mali.

Sasa Hokusai. Neno manga hakulibuni yeye. Kyoden alikwisha kulitumia katika kitabu cha mwaka 1798. (Kwetu pwani Manga ni Arabuni, ndiyo tukapata pilipili manga. Hili la Kijapani ni jingine kabisa, maana yake ni picha za kufuata matakwa ya brashi.) Vitabu vya Hokusai vilianza kutoka Nagoya mwaka 1814, vikafika 15, cha mwisho mwaka 1878, yeye akiwa amefariki tangu 1849. Havina hadithi. Ni michoro ya kujifunzia: wanene wanaoga, vipofu wanavuka mto, samaki, madaraja, vituko vya sura. Kwa hiyo ukisema Hokusai alibuni vibonzo utakosea, na yeyote mwenye kujua atakusimamisha.

Ila kuna kitabu chake kingine cha mwaka 1815 ambacho ningekichukua kabla ya vile vyote. Ni cha kujifunza kucheza ngoma peke yako. Amemchora mchezaji hatua kwa hatua, na mistari inaonesha mkono unatoka wapi unakwenda wapi. Mtafute huyo. Ukimwona, utajua nimesema nini.

Kipaji_Tanga

Shikamoo fundi. Nimesoma mara mbili, ahsante sana. Hicho kitabu cha ngoma nimekipata, kimewekwa mtandaoni. Mistari ya mkono ni ile ile ninayochora mimi mtu akirusha ngumi! Nilidhani nimeijua kutokana na anime.

Ila bado Msomaji anaweza kuniuliza: kutoka Edo kwenda kwenye televisheni, mkono uliompa mkono uko wapi?

BiMaktaba

Mwanangu Kipaji, marahaba, na kaka Fundi, umenipa raha leo. Mimi ni mkutubi Mwanza, kila Jumamosi nawasomea watoto hadithi, na kuna kipande kimeachwa ambacho ni cha watu wa kazi yangu.

Picha za Japani zilikuwa na msemaji siku zote. Magombo mengine makasisi waliyafungua huku wakisimulia. Filamu zisizo na sauti zilipofika, sinema za Japani ziliajiri wasimuliaji waliokaa kando ya pazia na kutoa sauti za wahusika wote. Kisha, karibu na mwaka 1930, ikaja kamishibai, yaani tamthilia ya karatasi. Mtu anafika mtaani na baiskeli, nyuma amefunga kisanduku cha mbao kama jukwaa dogo. Anagonganisha vijiti viwili, watoto wanatoka mbio, anawauzia peremende, na walionunua ndio wanaokaa mbele. Ndani ya kisanduku kuna picha zimepangwa. Anachomoa moja, inayofuata inaonekana, na maneno ya kusoma yako nyuma ya picha zile. Hadithi inakatizwa mahali pa hatari, njooni kesho. Mmoja wa mashujaa waliopendwa alikuwa Ogon Bat, mwenye uso wa fuvu la dhahabu na joho jekundu, aliyekuwa akiruka angani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930, kabla Superman hajachapwa mwaka 1938.

Nimejitengenezea kisanduku cha namna hiyo kwa fundi seremala wa mtaani. Siri yake iko kwenye kuchomoa. Ukichomoa picha nusu, ukasimama, watoto wanaona mkono wa zimwi lakini sura bado. Nina kijana mmoja wa miaka saba ambaye husimama kitini kila nikifika hapo. Ukichomoa haraka, ni mshtuko. Ukitikisa, ni tetemeko la ardhi. Baadaye ukurasa wa manga ulipewa kazi hiyo hiyo, na ndiyo maana jambo zito mara nyingi linakusubiri ukigeuza karatasi.

Sasa mkono uliompa mkono. Mwaka 1776 Toriyama Sekien alichapa kwa mbao kitabu cha mazimwi na mashetani ya Japani, kila mmoja na ukurasa wake na jina lake. Mizuki Shigeru, aliyezaliwa 1922, alipelekwa vitani Rabaul, katika visiwa vya Pasifiki, akarudi hana mkono wa kushoto. Baada ya vita alijipatia riziki kwa kuchora picha za kamishibai, na humo akapewa kuendeleza hadithi ya mtoto wa makaburini, Kitaro, iliyokuwa ikisimuliwa mitaani tangu kabla ya vita. Kamishibai ilipoanza kufa, akamhamishia Kitaro kwenye vitabu vya kukodisha, kisha kwenye jarida la vijana mwaka 1965, na mwaka 1968 Kitaro akaingia kwenye televisheni kama anime. Mazimwi aliyomjazia pembeni, mengi aliyachukua kwa Sekien, unaweza kuweka kurasa mbili kando kwa kando na kulinganisha. Hapo umetoka ubao wa mcheri hadi televisheni, na kila hatua ina mtu na mwaka.

Televisheni ilipoanza kurusha matangazo Japani mwaka 1953, watu waliiita kamishibai ya umeme. Waambie na hilo.

Msomaji_Nrb

Bi Maktaba, Kitaro sikumfikiria, na nakubali. Huo ni ushahidi, si kufanana. Narudisha nyuma neno langu la "imezaliwa bandarini".

Hata hivyo sitaki Kipaji aende upande wa pili akaanguka. Anime za kwanza, mwaka 1917, zilifanywa na watu watatu, Shimokawa Oten, Kouchi Jun'ichi na Kitayama Seitaro, baada ya katuni za Ulaya na Marekani kuoneshwa kwenye sinema za Japani. Hamu ilitoka nje. Walichoweka ndani ndicho kilikuwa chao: ile ya Kouchi ni ya samurai aliyeuziwa upanga butu. Ofuji Noburo, katika miaka ya 1920, alitengeneza katuni kwa kukata karatasi za mapambo zenye chapa za rangi, zile ambazo akina mama wa Kijapani walizitumia kwa vijisanduku na wanasesere. Naye Tezuka, akiwa kijana, aliingia sinema Osaka mwezi Aprili 1945, mji ukiwa umelipuliwa kwa mabomu, akatazama filamu ndefu ya katuni iliyotengenezwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa propaganda, lakini alitoka ameazimia kutengeneza katuni siku moja.

Na pale watu wanaposema anime ina picha chache zinazosogea kwa sababu ya urithi wa kimya wa Kijapani, mimi hapo nakataa. Tarehe 1 Januari 1963 Tezuka alipoanza kurusha anime yake ya televisheni, Tetsuwan Atom, kila wiki, pesa na muda havikutosha. Wakapunguza michoro, wakatumia tena ile ile, wakasogeza mandhari badala ya mtu. Ni bajeti. Ningesema tu kwamba watazamaji waliokua mbele ya kisanduku cha Bi Maktaba hawakuona tabu kutazama picha iliyosimama huku sauti ikisimulia.

FundiNakshi

Msomaji, hapo tumekutana. Sentensi yako ya mwisho ningeiandika juu ya mlango.

Kipaji, marahaba. Lile neno la nakala ya nakala limenikera tangu siku ulipoliandika, kwa hiyo nikuongezee habari moja. Hokusai, kabla ya kuwa mchoraji, alikuwa mwanafunzi wa kuchonga vibao. Aliacha akiwa na miaka kama kumi na minane. Alipozeeka, miaka ya 1830, alimwandikia mchapishaji wake barua akiomba kazi yake apewe mchongaji aitwaye Egawa Tomekichi. Akamweleza kwamba wachongaji wengine wanamwongezea mstari wa chini ya jicho ambao yeye hakuuchora, na pua wanazichonga kwa mtindo wa shule ya Utagawa. Akamchorea pua zake humo humo ndani ya barua, ili zijulikane. Mzee wa miaka sabini na kitu anapigania pua. Shule ya Utagawa ndiyo iliyokuwa ikivuma mjini, na kila kijana mwenye kisu alikuwa amejifunza jicho lao na pua yao. Fungua daftari lako la kwanza na hili la kumi na moja, utafute pua iliyo yako. Lazima ipo.

Na kama utapata nafasi, wachoree wenzako jambo moja la Utagawa Kuniyoshi pia. Mwaka 1842 serikali ilikataza kuchapa picha za waigizaji. Miaka michache baadaye alitoa picha za waigizaji zilizochorwa kama mikwaruzo ya msumari kwenye ukuta wa ghala, vichwa vikubwa, mistari ya kitoto, na watu wa Edo wakamtambua kila mwigizaji kwa pua na kidevu. Ukiziona leo utaapa ni za mchora vibonzo wa wiki iliyopita.

Kuhusu kuonesha: usiwaoneshe picha ya mieleka ikiwa nzima kwenye skrini. Chapa gombo la kwanza kipande kipande, hata kwa wino mweusi wa kawaida, uunganishe kwa gundi upate ukanda mrefu, kila ncha uizungushie kijiti cha ufagio. Waite wenzako watano watano mezani. Mwenye kufungua awe mmoja wao, wewe usishike. Mwambie afungue kwa mkono wa kushoto na asifungue zaidi ya mabega yake. Akifika kwenye sikio, mwambie asimame apumue, halafu aendelee.

Kipaji_Tanga

Shikamooni wote. Nimefanya alivyosema fundi. Ukanda wangu una mita nne tu, nimeanzia kwa nyani anayekimbia mpaka kwenye jani la mgomba. Jana usiku nilimpa mdogo wangu wa kike, ana miaka sita, afungue yeye. Alipofika kwenye sikio sikumwambia asimame, alisimama mwenyewe, akashika sikio lake. Kisha akafungua kidogo, akapiga kelele, akakunja kurudi nyuma, akafungua tena. Amefanya hivyo mara tisa, nimehesabu.

Leo asubuhi ameniomba kijiti cha ufagio.